Karabai ya Mofu

Ifakara, Machi 3, 1996

Nimepata kazi. Tangu mkataba wangu wa ufundi umeme ulipokwisha kule kwenye mashamba ya miwa, sikuwa na la kuandika zaidi ya mvua, na nilikuwa nimeshaanza kufikiria kurudi kwetu Iringa. Leo mchana Mwalimu Telesphory amenifuata chumbani kwangu. Ni mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa upande wa Mahenge, na sasa anaongoza kikundi cha maigizo. Wamepewa jenereta ndogo, taa za jukwaa, amplifaya, spika mbili, maikrofoni na deki ya kaseti, na kati yao hakuna anayethubutu kuvigusa.

Mchezo wao mpya unaitwa Shamba la Mama Koleta. Ni habari ya mjane anayenyang'anywa shamba na kaka wa marehemu mumewe. Wanataka kuuzungusha masika hii Kiberege, Mngeta na Mofu, kisha wamalizie hapa mjini. Nikamwuliza kwa nini wasisubiri kiangazi, barabara zikauke. Akasema ugomvi wa mashamba ni wa sasa, mpunga ukiwa bado umesimama. Ukishavunwa, kila mtu anajifanya amesahau.

Machi 5

Mazoezi ya kwanza. Hermenegildi, mwuza nyama wa sokoni, ndiye shemeji mbaya, na sauti yake haihitaji spika. Mwanabaraka anasimamia mavazi na pazia. Baba yake alitoka Kigoma kuja kukata miwa, na yeye kazaliwa huku huku. Anajua maneno ya kila mtu kuliko wenyewe wanavyoyajua.

Mama Koleta anachezwa na Balbina, mwanamke wa makamo, mkimya. Huyu sijampenda. Nilimwekea maikrofoni mbele ya jukwaa nikamwomba asiiache. Akasema akikaa pale hawezi kupiga magoti. Nikamwambia magoti si lazima. Akaenda zake nyuma akapiga magoti, na mimi sikusikia neno hata moja kwenye spika.

Machi 9

Mvua.

Machi 12

Mvua. Nimesafisha plagi ya jenereta. Inawaka.

Machi 16

Balbina amekubali kusimama kwenye maikrofoni. Anasimama pale kama mbuzi aliyefungwa kamba. Sauti lakini inatoka vizuri, imejaa chumba kizima, nami nimeridhika. Mwalimu naye ameridhika. Wakati wa kula Balbina hukaa peke yake na bakuli lake. Mwanabaraka anasema si majivuno. Mimi naona ni majivuno.

Kiberege, Machi 23

Nimeaibika leo mbele ya kijiji kizima.

Tulianza vizuri. Ukumbi ulijaa, taa zangu zikawaka zote, watu wakapiga makofi kwa taa tu, mchezo haujaanza. Ukafika mlango wa pili wa mchezo, mume amefariki. Balbina amepiga magoti pembeni ya jamvi, kafunika uso kwa kanga. Kazi yangu hapo ni kubonyeza deki itoe ngoma za msiba tulizorekodi wenyewe kwa Mwalimu. Nikabonyeza. Kumbe kaseti nimeiweka upande wa pili, na upande wa pili Hermenegildi alikuwa amerekodi muziki wa dansi kutoka redioni. Yakatoka magitaa. Yakatoka kwa spika zote mbili, kwa nguvu zote.

Ukumbi ulicheka mpaka benchi moja likaanguka. Nikabonyeza kuzima, kitufe kikagoma. Nikabonyeza tena, deki ikaimeza kaseti, spika ikaanza kupiga mluzi wa kupasua masikio. Mwisho niling'oa waya.

Balbina hakunyanyuka. Alibaki kwenye magoti yake, akasubiri kicheko kiishe chenyewe. Kilipoisha alifunua uso, akageukia upande wangu, akasema taratibu:

"Majirani, mniwie radhi. Huyu wa nyumba ya pili hajasikia bado kwamba nimefiwa."

Hayo maneno hayamo kwenye mchezo. Halafu bibi mmoja wa mbele akaanzisha wimbo wa msiba, wa kwao, na wanawake wakampokea. Waliimba mpaka Mwalimu akalazimika kuwaomba wanyamaze mchezo uendelee.

Njiani kurudi hakuna aliyenilaumu. Lakini nilikaa nyuma kabisa ya lori na vyombo vyangu, nikaamini kwamba alisema vile ili anidhalilishe.

Ifakara, Machi 24

Nilikuwa nje nafungua deki kutoa utepe uliokwama. Balbina akaja na vitumbua kwenye karatasi, akaviweka juu ya boksi la spika. Nikamwambia pole kwa ya jana. Akasema ule muziki ulimsaidia.

"Siku yangu mimi ilikuwa hivyo hivyo, kaka Lukelo. Mume wangu yuko ndani, amelala, na jirani anapiga redio. Hakuwa na ubaya. Hakujua tu."

Akaondoka. Kumbe ni mjane kweli. Wiki zote hizi namwona, na sikuwahi kumwuliza hata anatoka wapi.

Machi 29

Mvua. Barabara ya kwenda Mngeta imekatika.

Aprili 7, Pasaka

Mwanabaraka, ambaye si Mkristo, alikuja kula Pasaka kwa Hermenegildi pamoja na sisi wengine. Nyama ilikuwa nyingi. Hermenegildi alitulazimisha tusikilize vitisho vyake vyote vya mlango wa tatu kabla ya kunawa.

Aprili 15

Mvua. Barabara imefunguliwa. Mvua tena.

Mngeta, Aprili 20

Leo mbingu zilimwagika juu ya bati tangu neno la kwanza. Nikaongeza sauti. Mvua ikaongeza ya kwake. Nikaongeza mpaka mwisho, na spika ya kushoto ikapasuka, ikabaki inakoroma kama mgonjwa. Nilikuwa nimejiinamia pale nikitafuta cha kufanya ndipo waya wa pazia ukakatika. Pazia zima likamwangukia Hermenegildi, katikati ya vitisho. Hakusimama. Aliendelea kumtisha mjane kutoka ndani ya pazia, mkono mmoja tu umetokeza, na watu wa Mngeta wakafurahi kuliko kama tungefanya sawasawa. Mwanabaraka akapanda jukwaani kama sehemu ya mchezo, akamfunua, akalikunja lile pazia kifuani, akatoka.

Nilimwona Balbina anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza. Aligeuka ukutani ili watu wasione.

Lakini nusu ya watu walishaondoka kwa sababu hawakusikia lolote. Tulipomaliza, Mwalimu Telesphory alikaa juu ya boksi la amplifaya, maji yakimchuruzika kwenye mvi. Mwalimu ni mtu wa kunyoosha mambo. Neno likirukwa, analiulizia. Leo hakuuliza chochote. Alisema labda kustaafu ni kustaafu, labda angebaki na kuku wake. Hermenegildi alitaka kumfanyia mzaha akaacha. Mimi nikamwambia spika moja inatosha. Sikuwa na hakika, ila ilibidi mtu aseme kitu.

Ifakara, Aprili 27

Balbina amemwambia Mwalimu kwamba Mofu haendi. Hakutoa sababu, na ajabu ni kwamba Mwalimu hakuomba sababu. Alisema tu, "Sawa mama, tutaifuta," akaanza kukusanya karatasi zake.

Nikakasirika. Nilimfuata nje nikamwuliza inakuwaje mtu mmoja azuie safari ya kikundi kizima. Mwalimu akanieleza. Mofu ndiko alikoolewa Balbina. Mume alipofariki, kaka mkubwa wa mume, mtu anayeitwa Beatus, mwenye duka pale kijijini, alilichukua shamba lao la mtoni. Balbina hakupewa hata muda wa kumaliza matanga. Alikuja Ifakara kwa shangazi yake, akaanza kuuza vitumbua, na hakurudi tena. Mwaka jana alimsimulia Mwalimu, na Mwalimu akaandika mchezo.

"Mimi sikutunga kitu pale," alisema. "Nilibadilisha majina tu."

Nimerudi chumbani na nimekaa na maneno hayo. Mimi nilimwambia magoti si lazima.

Mei 2

Mvua imepungua. Balbina kaja mazoezini akakaa mahali pake. Mwalimu akamwuliza kama kuna tatizo. Akasema hakuna, ila amefikiri: Kiberege wamesikia, Mngeta wamesikia nusu, na wao hawakumfanya lolote. Haiwezekani wasikie wote isipokuwa Mofu.

Mwanabaraka akaenda kukaa karibu naye.

Mei 8

Nimefunga waya mpya wa pazia. Nimeijaribu jenereta asubuhi na jioni. Nimeandika "NGOMA" kwa herufi kubwa juu ya kaseti na upande wa pili nimeufuta.

Mofu, Mei 11

Naandika haya kabla usingizi haujanichukua, maana nikilala nitasahau mpangilio wake.

Lori lilikwama kabla ya kijiji, kwenye maji. Tulishuka tukasukuma, na kwenye kusukuma dumu la petroli likaanguka. Kifuniko kilikuwa kimelegea. Nililinyanyua haraka, nikadhani nimeliwahi. Vyombo vikaja kwa mkokoteni. Nilikuwa nasukuma upande mmoja na Balbina upande mwingine, na tulipolikaribia ghala tutakapochezea, alinionyesha kwa kidevu duka la bati jipya lililokuwa jirani. Akasema lile ni la shemeji yake. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeonyesha zahanati.

Tulianza alasiri. Mawingu yalikuwa mazito, mvua ikawa inanyesha kwa kunyong'onyea, kwa hiyo milango ya ghala ilifungwa na ndani kukawa giza kama usiku. Taa zikawaka. Watu walikuwa wengi mno, wengine wamekaa juu ya magunia. Benchi la tatu alikaa mzee mmoja mrefu mwenye koti, na watu walimwachia nafasi pande zote mbili. Sikuhitaji kuuliza.

Balbina alipotokea, minong'ono ilipita ghala zima. Walimjua. Alisimama kwenye maikrofoni yangu akaanza, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Spika moja iliyobaki ikaukuza ule mtetemo, kila mtu akausikia. Niliona aibu kwa niaba yake. Mlango wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, ngoma za msiba zikatoka sawasawa, nikashusha pumzi.

Mlango wa tatu, shemeji anakuja kupima shamba kwa kamba. Hermenegildi kashika kamba, kafungua mdomo, na jenereta ikakohoa. Ikakohoa tena. Taa zikawa nyekundu, zikawa kahawia, zikazimika. Spika ikatoa mlio mmoja, ikafa.

Nilitoka mbio nje. Maji yalikuwa yameingia kwenye petroli pale kwenye tope, sasa najua. Nilifungua kabureta nikayamwaga, nikavuta kamba ya kuwashia. Nikavuta tena. Mara ya tatu kamba ikakatika, nikabaki na kipande chake mkononi, na ndani nasikia watu wanaanza kusimama, mabenchi yanaburuzwa. Nikarudi ndani kumwambia Mwalimu kwamba basi. Alikuwa ameshapanda jukwaani gizani, anaomba radhi, anasema kwa bahati mbaya mchezo utaishia hapa.

Mzee mwenye koti akainuka akatoka. Watu walimpisha. Nikajisemea, huyu kapata njia ya kuondoka.

Balbina hakushuka jukwaani. Nilimwona kwa mwanga mdogo wa mlangoni, amesimama alipoachwa na taa. Mwalimu akamshika kiwiko, akamwambia washuke. Akasema, "Ngoja kidogo, Mwalimu." Sijui alikuwa anangoja nini, na nadhani hata yeye hakujua.

Mlango ukafunguliwa, ukaingia mwanga mweupe. Beatus alikuwa ameshika karabai, inavuma, kaiwasha dukani kwake, kaifunika na pindo la koti isipigwe na mvua. Akapita katikati ya watu mpaka mbele. Boriti za paa zilikuwa juu sana, hapakuwa na pa kuitundika. Hermenegildi akanyoosha mkono aipokee, lakini Hermenegildi ana kazi jukwaani, na mimi nilikuwa na mikono yenye petroli. Kwa hiyo Beatus akabaki ameishika. Alisimama pembeni ya jukwaa, kainyanyua usawa wa bega, na mwanga ukamwangukia Balbina.

"Endeleeni," alisema. "Watu wametembea kwa miguu kuja."

Sidhani kama alikuwa ameshaelewa mchezo unakwenda wapi. Au alielewa. Sijui.

Balbina aliiacha maikrofoni. Akarudi nyuma katikati ya jukwaa, akapiga magoti pale alipotaka kupiga magoti tangu mwezi wa tatu, na akasema maneno yake. Ndipo nikamsikia. Miezi miwili nimekuwa nikiisikiliza spika. Sauti yake mwenyewe ni nzito, haina haraka, na haikutetemeka tena. Watu walianza kusogea mbele wenyewe, wengine wakakaa chini karibu na miguu ya Beatus, mpaka ghala zima likawa limeizunguka ile taa.

Hermenegildi alipofika kwenye maneno makali alisita. Mtu mkubwa vile, nikamwona anamwangalia Beatus, anamwangalia Balbina. Balbina akamwashiria kwa kichwa aseme. Akasema: "Shamba la ndugu yangu ni damu yangu. Wewe ulikuja na kanga zako, ondoka na kanga zako." Hakupiga kelele kama kawaida yake. Aliyasema chini kabisa, na yalikuwa mabaya zaidi.

Hakuna aliyegeuka kumtazama Beatus, na kila mtu alikuwa anamtazama.

Kisha karabai ikaanza kufifia, ilihitaji pampu. Beatus akaiweka chini, akachuchumaa, akaanza kupiga pampu. Balbina alikuwa katikati ya sentensi. Akanyamaza. Tukawa tunasikia pampu tu na mvua. Ilimchukua muda. Mwanga ulipopanda akainuka na taa yake, na Balbina akamwambia, mbele ya kijiji kizima:

"Asante, shemeji. Naendelea."

Akaendelea, na Beatus akamshikia taa mpaka mwisho, mpaka pale mjane anapofunga furushi lake na kutoka. Makofi hayakuwa mengi. Beatus alimkabidhi Mwalimu taa, akasema ataifuata asubuhi, akatoka bila kumsalimu mtu.

Mofu, Mei 12

Alikuja tukiwa tunafunga mizigo kwenye darasa tulilolala. Balbina akamwamkia, "Shikamoo, shemeji," naye akaitikia, akakaa kwenye dawati la wanafunzi, magoti yamemfika kifuani. Tukataka kuwapisha. Balbina akasema tukae.

Mzee akavua kofia. Akasema:

"Mimi sikupima kwa kamba. Nilipima kwa hatua."

"Najua," Balbina akamjibu. "Kamba ni ya Mwalimu."

Mwalimu akaangalia sakafu. Beatus akasema kwamba alidhani amefanya jambo la kulinda mali ya ukoo, na kwa kuwa Balbina aliondoka bila kusema neno, alijiambia ameridhika. Jana mkono ulimuuma kushika ile taa, akawa anawaza aiweke chini aende, na akaona akiiweka chini watu watabaki gizani. Halafu akasema upande wa mtoni wa shamba Balbina aurudie. Mpunga uliopo ameupanda yeye, wauvune pamoja, na msimu ujao apande mwenyewe.

Nilitegemea Balbina atalia au atashukuru. Alimwuliza kama yuko tayari kuyarudia hayo mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Beatus akafikiri. Akasema twende.

Wakaenda. Mwanabaraka akafuatana nao kama shahidi, akiwa bado na pazia mikononi.

Ifakara, Mei 20

Hakuna mvua. Nimepata kamba mpya ya jenereta. Nimemwandikia mama Iringa kwamba sirudi mwaka huu.

Juni 15

Tumecheza Ifakara. Taa ziliwaka, kaseti ililia, pazia lilifunga na kufungua. Maikrofoni niliiacha kwenye boksi, nikawaomba watu wasogee. Katikati taa moja ilipasuka puu juu ya Hermenegildi, naye akaitazama, akasema hata taa za ukoo huu hazimpendi, akaendelea. Sikukimbia popote. Mwalimu, aliyekuwa karibu nami, alicheka mpaka akafuta macho, na hakuuliza hayo maneno yametoka wapi.

Mwishoni Balbina aliaga. Anarudi kulima. Nafasi yake ataichukua Mwanabaraka.

Mofu, Juni 22

Nimekuja kusaidia kuvuna. Mpunga umelala dhahabu mpaka mtoni, na mgongo wangu haunyooki tena.

Leo asubuhi walitaka kuweka mpaka kati ya shamba la Balbina na la Beatus kabla mavuno hayajaisha, wakanipa nyundo na kigingi. Beatus akaanza kuhesabu hatua kutoka ukingoni, Balbina nyuma yake anahesabu za kwake. Walifika mahali tofauti. Beatus akasema mwanamke hatua zake ni fupi. Balbina akasema mzee zake zinarefuka akifika kwenye udongo mzuri. Wakabishana pale jua likipanda, mimi nimesimama na nyundo, na wavunaji wamesimamisha miundu yao kusikiliza. Hatimaye Balbina akamwambia waanze upya, safari hii watembee bega kwa bega.

Wakarudi mtoni. Wakaja polepole, wanahesabu kwa sauti moja, yeye akirefusha hatua kidogo na mzee akifupisha za kwake, na waliposimama walikuwa wamesimama pamoja.

"Hapa," alisema Beatus.

Balbina akatazama huku, akatazama kule.

"Hapa," akasema.

Nikapigilia.